Msimulie Mwenyewe Akiwepo

Kabla karne ya kumi na tisa haijaisha, mtu mmoja wa Bagamoyo alifunga mzigo wake akaelekea Udoe, na kutoka Udoe akaingia Uzigua. Kwa barabara za leo hiyo si safari ya kutangaza. Mwenye pikipiki nzima hutoka Bagamoyo asubuhi, akavuka Mto Wami, bahari ikawa kuliani na Udoe kushotoni, na jua halijazama yuko Saadani anauliza bei ya kamba. Lakini wakati ule Udoe ilikuwa na sifa yake mjini, na sifa yenyewe ilikuwa moja tu: huko watu huliwa.

Sifa hiyo ilikuwa imeshaingia hata vitabuni. Richard Burton, Mwingereza aliyeondokea Kaole mwaka 1857 kwenda kutafuta maziwa makuu, aliandika kwamba Wadoe walipozidiwa vitani na Wakamba walianza kuchoma maiti na kuzila mbele ya macho ya adui. Wakamba kufa hawakuogopa; kugeuzwa kitoweo wakaona ni jambo jingine, wakatimua mbio. Burton mwenyewe hakupita Udoe. Alisimuliwa. Na mimi kila ninapoisoma habari ile namwona mtu wa pwani akimpa mgeni maneno huku wenzake wameinamia chini wasicheke.

Yule wa Bagamoyo yeye alikwenda. Jina lake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, na maelezo ya safari yake, pamoja na habari za Wadoe na mila zao, yalichapwa mwaka 1901 ndani ya Safari za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali Dar es Salaam kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Mwaka 1903 kikatoka Desturi za Wasuaheli, na humo sehemu kubwa ni kalamu ya Mtoro: uzazi, chuoni, arusi, ngoma, madeni, uganga, mtumwa na bwana wake, namna ya kula mbele za watu, namna ya kuzika. Jina lililokaa juu ya jalada ni la Velten.

Mtoro hatajwi kamwe kwenye orodha ya waandishi wa vichekesho. Wanamsoma wanahistoria, na wanahistoria wakisoma hawacheki, wanapigia mstari. Lakini msome taratibu, kwa sauti, ukiwa na mtu wa pwani pembeni. Anaeleza watu wa mtaa mmoja wanavyojitia madeni ili wauzidi mtaa wa pili kwa ngoma na karamu, na anaeleza kwa uso mkavu, jambo baada ya jambo, kana kwamba anakuelekeza njia ya kwenda kisimani. Haongezi neno la kukuambia sasa cheka. Wala hamdhihaki mtu. Anapanga tu mambo jinsi yalivyofuatana, na mambo ya watu yakipangwa sawasawa huwa yanachekesha yenyewe.

Nimekuwa nikijiuliza aliipata wapi adabu ile. Jibu lililoniridhisha nililiokota Saadani, na wala sikwenda kulitafuta.

Nilikwenda kwa ajili ya kamba. Saadani inajulikana kwa kamba, kwa chumvi, na kwa kuwa ndani ya hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayogusana na bahari. Ilipandishwa hadhi mwaka 2005. Kijiji kilikuwepo kabla ya hifadhi, kabla ya Wajerumani waliokipiga kwa mizinga mwaka 1889 wakimsaka Bwana Heri, mtawala wake, na kabla ya wamisionari wa London walioona hapa ndipo pa kuanzia safari ya bara kwa mikokoteni ya ng'ombe. Mmoja wao, Roger Price, alijaribu njia mwaka 1876 hadi Mpwapwa akarudi ana furaha: njia inapitika, ng'ombe wazima. Mwaka uliofuata wakaja na mikokoteni kwa mbwembwe zote. Mbung'o wakafanya kazi yao, ng'ombe wakafa, mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Kijiji kilichoshuhudia hayo hakiwezi kukosa watu wanaojua kumtazama mgeni wakanyamaza.

Sasa wanyama wanaishi na watu mlango kwa mlango. Ngiri ndio wenye kiburi kuliko wote. Mwislamu hali ngiri, na sheria ya hifadhi haimruhusu asiye Mwislamu kumpiga, basi mnyama yule anatembea kati ya nyumba mkia juu kama mjumbe wa nyumba kumi. Na simba wapo kweli. Si kila usiku, si kila mwezi, lakini wapo, na neno "simba" likitamkwa usiku Saadani hakuna anayeuliza swali la pili.

Kwenye baraza moja karibu na pwani nilimkuta babu mmoja anashona nyavu. Baharini haendi tena, magoti, alisema. Nikampa shikamoo, nikakaa, kahawa ikaletwa. Akanisimulia habari ya hitima ya jirani yake. Watu walikuwa wamelala uani kwenye mikeka, sufuria ya ubwabwa imefunikwa kwa sinia. Usiku wa manane sinia likaanguka. Mtu akapiga ukelele: simba! Wanaume, kwa mujibu wa babu, wakainuka na mapanga, wakamzunguka mnyama, naye alipoona hali ile akaondoka zake. Asubuhi wakakuta nyayo za ngiri.

"Ngiri, babu?"

"Ngiri mkubwa, mwanangu."

Hiyo ni hadithi aliyopewa mgeni. Niliiandika kwenye daftari na nilijua haifai kitu.

Baadaye wakaja vijana wawili waliotoka kuuza samaki, wakakaa, wakamwambia babu amwambie mgeni habari ya ngiri. Akaanza upya, kana kwamba mimi sikuwepo mara ya kwanza. Safari hii mapanga hayakuonekana. Watu walikimbia. Walikimbia mmoja akaacha kikoi, mwingine akaparamia mpapai uliokuwa hauwezi hata kubeba mapapai yake. Na mtu mmoja, akamtaja kwa jina, akajitosa bandani mwa kuku akafunga mlango kwa ndani. Vijana walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Hiyo nayo niliiandika. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia na harufu kidogo ya kumsema mtu.

Kisha aliyetajwa akatokea.

Mtu mzima, ndevu nyeupe, amebeba pakacha. Akasalimia baraza zima, akatafuta pa kukaa, akapewa kikombe. Nilidhani babu atabadilisha mazungumzo. Hakubadilisha. Alirudi nyuma kidogo tu, sinia likaanguka tena, watu wakakimbia tena, lakini sasa aliyekuwa wa kwanza kuingia bandani alikuwa babu mwenyewe. Amejikunja gizani, moyo unamgonga, ndipo mlango unafunguliwa na mtu wa pili anajipenyeza.

"Sogea," mtu wa pili ananong'ona.

"Nisogee wapi? Huku kuna mama anaatamia."

Yule mwenye ndevu nyeupe akaweka kikombe chini. "Wewe unasema kuna mama anaatamia," akasema, "kesho yake nani alilipa mayai?" Ikajulikana kwamba mwenye kuku aliyakuta mayai yamepondeka, akahesabu, akawaambia wazee wale wawili wamlipe kimyakimya la sivyo atatangaza msikitini. Walilipa. Wakatangazwa vilevile, maana mke wa mmoja wao alitaka kujua hela ya mayai ilitoka kwenye fungu gani.

Tazama kilichotokea. Mbele yangu, mgeni, hadithi ilikuwa uongo wa heshima. Mbele ya vijana ikawa kweli, lakini kweli ya kumwumbua mtu asiyekuwepo. Mwenyewe alipokaa ndipo ikawa hadithi, kwa sababu msimulizi alilazimika kulipa kiingilio: ajiweke yeye bandani kwanza. Na alipolipa, mwenye hadithi akafungua mkoba wake akatoa kilichokosekana, yaani mayai, deni, na mke. Hakuna mwandishi ambaye angeyabuni yale mayai. Yalikuwa mfukoni mwa aliyechekwa, na yeye huyatoa akiridhika tu.

Kama ni kweli babu aliingia bandani au hakuingia, sijui na sikuuliza. Swali la namna hiyo ni la polisi.

Pwani hii ilikuwa na chuo cha mambo hayo muda mrefu kabla ya magazeti. Wanyamwezi walipokuwa wakishuka na pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na Saadani, na watu wa pwani wakipanda kwao na nguo na shanga, walihitaji njia ya kukaa pamoja bila kuchinjana, na njia waliyoipata ilikuwa utani. Mtani anakutukana hadharani nawe huna haki ya kununa. Anachukua kofia yako anaondoka nayo. Ukifiwa, ndiye anayekuja msibani kuigiza mwendo wa marehemu, kudai deni ambalo halikuwepo, kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wageni wa mbali wakiona wanashtuka: watu wana uchungu, huyu anafanya mzaha! Hawaoni kwamba mtani huyohuyo ndiye aliyeshika jembe, aliyeteka maji, aliyepika. Mzaha wake una jasho ndani yake. Na anaufanya mbele ya mjane, si nyuma ya nyumba.

Ukilijua hilo, Mtoro anasomeka vingine. Mwaka 1900 alichukuliwa Berlin kufundisha Kiswahili. Watu aliowaandika walibaki Bagamoyo, Udoe, Uzigua. Waliomsoma walikuwa wanafunzi wa Kijerumani wanaojiandaa kuja kutawala. Hakuna mwandishi aliyewahi kupewa nafasi nyepesi kuliko ile ya kuwachekesha wageni kwa migongo ya watu wake. Angeweza kuwafanya vichekesho, na darasa lingepiga makofi. Badala yake aliandika kama vile wazee wa Bagamoyo wamekaa mstari wa mbele, kila mmoja na fimbo yake.

Yeye mwenyewe hakupata ihsani hiyo. Wanafunzi walimvunjia heshima mpaka akaacha kazi mwaka 1905. Alikuwa amemwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka mmoja kabla. Walipopanda meli kurudi nyumbani, utawala wa kikoloni uliwazuia Dar es Salaam na wakarudishwa Ulaya. Baadaye alifundisha tena, Hamburg. Alifariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tena.

Kwenye kitabu kile cha 1901 yumo mwingine ambaye anastahili kusomwa na kila anayetaka kuandika vichekesho vya safari: Selim bin Abakari, Mngazija, aliyemfuata bwana wake Mjerumani mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia. Fikiria mtu wa visiwani kwenye nyika za Siberia. Wazungu walikuwa wakija huku na madaftari kuandika maajabu ya watu weusi. Huyu alikwenda kwao akawaandika wao.

Nimetazama maisha ya waandishi wetu waliofuata nikaona jambo moja linalojirudia, nalo ni kwamba wengi walikuwa na kazi iliyowapeleka kwenye vizingiti vya watu. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na Pangani, jirani wa kaskazini wa Saadani, ni kati ya vituo vyake. Simtaji kama mchekeshaji. Alikuwa na mambo mazito zaidi ya kushughulika nayo. Lakini Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri, na mkaguzi wa afya ni mtu wa namna gani kama si yule anayeingia uani, anainua kifuniko cha mtungi, anachungulia chooni, na anaondoka akijua siri za mtaa mzima? Mzimu wa Watu wa Kale, ulioshinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 na kuchapwa mwaka 1960, unasifiwa kama mwanzo wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Ndivyo ulivyo. Ila mimi raha yangu haiko kwa Bwana Msa, mpelelezi wenyewe, na kiko chake. Iko kwa Najum, rafiki yake, ambaye anaelewa mambo baada ya wote. Abdulla alikuwa na akili za kutosha kujiandika kama Bwana Msa. Akachagua kutuletea na Najum. Ni yule babu wa Saadani, ameingia bandani wa kwanza.

Edwin Semzaba naye alimpigisha hodi karani wa sensa. Waliosoma sekondari Tanzania hawahitaji kukumbushwa Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya iliyochapwa mwaka 1988. Serikali imemtuma kijana mtanashati kijijini kuhesabu watu. Anamwona Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, hesabu inaanza kupinda. Mwisho binti ametoroshwa, na karatasi za sensa ni majivu. Nimeona watu ambao wenyewe walikuwa makarani wa sensa wakiucheka mchezo ule. Walicheka kwa sauti zaidi ya wengine wote. Walijua karatasi zile zina uzito gani kichwani na jinsi zinavyoshika moto upesi.

Anayetaka kuona mambo ya nyumbani yakigeuzwa kicheko wiki baada ya wiki, miaka nenda miaka rudi, inabidi avuke mpaka. Wahome Mutahi wa Kenya aliandika kwa Kiingereza safu ya Whispers, iliyokuja kuwa ukurasa wa kwanza kusomwa katika Sunday Nation. Ndani yake yumo mume na baba anayejiita Whispers, mlevi kidogo, mwoga mwingi, mke anayeitwa Thatcher, kwa jina la waziri mkuu wa Uingereza, na hakuna anayeuliza kwa nini, mwana Whispers Junior, binti Pajero, na mama mzazi, Appepklonia, mcha Mungu wa milimani Nyeri. Wakenya walijua kabisa kwamba mwandishi ana mke kweli, ana watoto kweli, ana mama kweli. Hapo ndipo ulipokuwa utamu na ndipo ilipokuwa hatari. Fikiria unaketi mezani Jumapili, gazeti limefunguliwa, na uliyemwandika ndiye anayekupakulia.

Kwa hiyo mzigo wote wa ujinga aliubeba mume. Mke alikuwa mkali lakini alikuwa sahihi. Watoto walikuwa watundu lakini walikuwa werevu kuliko baba. Mutahi alishika fimbo kwa upande unaoelekea kwake, na akiwa amejichapa vya kutosha ndipo alipoigeuza kidogo kuelekea kwa wakubwa. Wakubwa hawakupenda. Mwaka 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali, alikamatwa na kufungwa. Aliyoyaona huko hayakuwa ya Whispers. Mwaka 1991 alichapa riwaya, Three Days on the Cross, ambayo hakuna anayeisoma akacheka. Na hilo nalo ni funzo la kazi ambalo wachekeshaji wengi hawalitaki: kuna mambo yaliyokupata ambayo ukiyachekesha unayapunguza, na mwandishi aliyekomaa anayajua kwa harufu. Alifariki Julai 2003, na safu ikafa naye.

Waigizaji wa vichekesho wa kwetu hawana anasa ya mwandishi. Mwandishi hujificha nyuma ya karatasi. Wao husimama mbele ya waliochekwa. King Majuto wa Tanga, marehemu Amri Athumani, aliyefariki Agosti 2018, aliigiza baba bahili, mzee mwongo, mkwe msumbufu, mbele ya ukumbi uliojaa mababa bahili na wazee waongo. Kama mzaha umekosea, alijua palepale. Sisi wa magazetini hupata habari wiki moja baadaye, kwa simu ya mtu ambaye sauti yake haina salamu.

Basi na mimi nimejiwekea taratibu, na wanaonifahamu watasema ni za kishamba. Naandika alfajiri, kabla simu haijaanza. Daftari langu halina matukio, lina maneno. Habari ya Saadani kama ingekuwa imeandikwa "ngiri aliingia msibani, watu wakakimbia," leo nisingekuwa na kitu. Nilichoandika ni "kuna mama anaatamia," na chini yake "hela ya mayai, fungu gani?" Mengine yote yalirudi yenyewe. Nimegundua tukio likinichekesha siku lilipotokea tu, na wiki ya pili likinyamaza, basi lilikuwa la kuwapo, si la kuandika. Majina nabadilisha, na kazi ya mtu nabadilisha, na kijiji nikiweza; lakini sibadilishi chakula wala chombo. Kama ilikuwa ubwabwa isiwe ugali. Msomaji wa pwani ataisamehe hadithi ikimpa mtu jina jingine, hataisamehe ikimlisha ugali msibani.

Siandiki kwamba watu walicheka sana. (Leo nimeandika, kuhusu wale vijana. Mmoja alimwaga kahawa kweli. Ile ilikuwa taarifa.)

Na utaratibu wa mwisho, ambao umenipotezea makala zaidi ya moja, ni kumsomea mwenyewe kabla ya kupeleka kwa mhariri. Wenzangu wananiambia hivyo si uandishi, ni kuomba ruhusa. Sawa. Lakini sijawahi kumsomea mtu habari yake nikaondoka na habari ileile. Wakati mwingine anakataa, naifuta, tunabaki kuamkiana. Mara nyingi zaidi anarekebisha, na marekebisho yake yanachekesha kuliko nilichoandika.

Bagamoyo kuna mama mmoja muuza vitumbua anayeandika madeni ukutani kwa chaki, nyuma ya mlango. Haandiki majina. Anachora. Dereva wa bodaboda ni gurudumu, fundi cherehani ni sindano, kijana mmoja anayependa kujipulizia manukato ni ua. Vitumbua ni vijiti pembeni ya mchoro. Wadaiwa wote wanafahamu michoro yao, na wanafahamu ya wenzao pia, kwa hiyo asubuhi foleni inasoma ukuta kama watu wa mjini wanavyosoma magazeti kwenye meza ya muuzaji, bila kununua. Nilimwandika. Nikaeleza siku gurudumu alipokataa kulipa akidai vijiti vimezidi, na mama akaacha kikaango, akaja akajaa mlangoni, akamwuliza mbele ya foleni kama anataka achorwe na uso.

Nikaenda kumsomea. Alisikiliza huku anageuza vitumbua, hakutabasamu hata mara moja. Nilipomaliza akaniambia yule wa kipara nimtoe, amelipa jana. Nikamtoa. Akaniambia ua nimwache, tena nimwongezee majani. Nikaongeza.

"Halafu mimi umeniandika mnene."

"Sikuandika mnene, mama."

"Umeandika nilijaa mlangoni."

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Nilikuwepo."

"Sasa mlango wenyewe umeuona ulivyo? Hata wewe ukisimama hapo unajaa. Andika kwanza kwamba mlango ni mdogo, ndiyo uniingize mimi."

Nikaandika mlango ni mdogo. Akataka nimsomee tena kuanzia hapo, na foleni nayo ikasogea kusikiliza, gurudumu akiwa wa tatu.